Helikopta mpya ya rimoti inatetemeka, inazunguka au haipai: ikague hivi kabla ya kuiruka tena

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimeiwasha, inatetemeka mpaka inahama mahali." "Ikiinuka kidogo tu, mkia unazunguka kama pia." "Mota inalia lakini haipai." Ukimuuliza huyo ndugu amefanya nini mpaka sasa, atakuambia ameshinda siku nzima kwenye menyu za rimoti akibadilisha namba. Bisibisi hajaishika. Ndiyo maana nimeandika haya. Skrubu iliyolegea na shafti iliyopinda haziponi kwa kubonyeza vitufe. Jairo, kile kifaa kinachohisi helikopta ikigeuka na kuirudisha sawa, itahangaika kuzifidia, na ikishindwa utaokota vipande.

Mfano wangu hapa ni helikopta ya umeme ya daraja la 450, yenye mapanga ya milimita 325 na betri ya lipo ya seli tatu. Align T-Rex 450 ndiyo inayojulikana zaidi, na zipo nyingi zilizoiga muundo wake. Kama yako ni kubwa zaidi, mpangilio wa ukaguzi haubadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa wa skrubu na urefu wa mapanga.

Wengi wananunua iliyofungwa tayari wakiamini kiwanda kimeshamaliza kazi. Usiamini. Yangu ya kwanza ya aina hiyo iliruka dakika nne. Ilikuwa imetulia hewani usawa wa kifua changu, ghafla mkia ukaachia, ikazunguka mara tatu nne na kujibwaga mchangani. Nilichakura pale karibu saa nzima mpaka nikaipata skrubu iliyokuwa imeshika gololi ya mkono wa mkia, yenye ukubwa wa punje ya mchele. Niliipangusa kwa kidole nikaielekeza juani. Nyuzi zake zilikuwa safi, zinang'aa, hazina hata doa la gundi ya bluu. Tangu siku hiyo kila helikopta mpya inayopita mikononi mwangu naifungua kwanza, hata ikiwa na muhuri wa ukaguzi wa kiwandani.

Kwanza, usalama

Mapanga ya milimita 325 yakizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha zake zinakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Panga moja la gramu 30 kwa kasi hiyo linavuta kichwa cha rota kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 40. Fikiria mzigo huo umening'inia kwenye skrubu uliyoifunga wewe. Mwezi Septemba 2013, huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti. Kwa hiyo usiiwashe sebuleni, usiiwashe watoto wakiwa wamekuzunguka, na usiishike kwa mkono ikiwa na mapanga na mota imeunganishwa. Hakuna swali la kujadili hapo.

Andaa vitu hivi

- Bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2.0 na 2.5, zenye ncha ya chuma kigumu. Za bei ya chini huzunguka ndani ya kichwa cha skrubu na kukila, na skrubu iliyoliwa kichwa itakutesa kuliko tatizo ulilokuja kulitatua.
- Gundi ya skrubu ya bluu, ile ya nguvu ya wastani. Nyekundu iache dukani. Ukiitumia kwenye skrubu ndogo hivi hutaifungua tena bila kuivunja.
- Spiriti, kitambaa safi na vijiti vya meno.
- Kipande cha kioo kilichonyooka. Kioo cha dirisha kinatosha.
- Mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.
- Kipimo cha pembe za mapanga, plaizi ndogo, rula, karatasi ya kawaida ya kuandikia na selotepu ya rangi.
- Kijitabu cha helikopta yako. Ukikipoteza, tafuta nakala yake kabla ya kuanza.

Tandika taulo jeupe mezani. Skrubu ikidondoka kwenye taulo inatulia. Ikidondoka kwenye sakafu ya vigae, imekwenda.

Hatua kwa hatua

1. Chomoa mota na toa mapanga yote, makubwa na ya mkia. Mota ina nyaya tatu zinazokwenda kwenye kidhibiti chake. Zitie alama kwanza, maana ukija kubadilishana mbili mota itazunguka kinyume. Ncha zilizo wazi zifunge kwa tepu zisigusane. Sasa unaweza kuunganisha betri, ukacheza na sevo (zile mota ndogo zinazosogeza fito za kuongozea) na jairo bila hofu ya kitu kuzunguka.

2. Fungua kila skrubu inayoingia kwenye chuma, moja baada ya nyingine, uifunge upya kwa gundi. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote na ndiyo wengi wanaoiruka. Toa skrubu moja, ifute kwa spiriti, futa na tundu lake, chukua tone dogo la gundi kwa kijiti cha meno ulipake kwenye nyuzi, kisha ikaze. Nasema tone. Gundi ikimiminika ikaingia kwenye beringi, beringi hiyo imekufa. Usifungue zote kwa pamoja ukazimwaga mezani. Utachanganya ndefu na fupi, na skrubu ndefu ikiingia penye fupi inaweza kutoboa mpaka upande wa pili na kusugua waya au gia.

Skrubu zinazoingia kwenye plastiki hazipakwi gundi hii, kwa sababu plastiki nyingi hupasuka zikiipata. Tundu la plastiki likiwa limelegea, tia supagluu kidogo ndani, acha ikauke kabisa, kisha rudisha skrubu taratibu.

Ukikuta skrubu imegoma, usishindane nayo kwa nguvu. Ipashe joto kwa ncha ya chuma cha kulehemea cha umeme kwa sekunde chache, gundi italainika. Ukimaliza zote, iache helikopta ilale mpaka kesho yake. Gundi ya bluu hushika mapema, lakini nguvu yake kamili huja baada ya saa 24.

3. Viringisha shafti kwenye kioo. Toa shafti kuu, na spindeli, yaani ule mhimili mwembamba unaopita kwenye kichwa cha rota na kushika vishikio viwili vya mapanga. Weka kila moja juu ya kioo, inama mpaka jicho lako liwe usawa wa kioo, mbele yako kuwe na mwanga, kisha iviringishe polepole kwa kidole. Iliyonyooka inakimbia kimya. Iliyopinda inapiga hatua, na utaona uzi wa mwanga ukitokea chini yake na kupotea kila inapogeuka. Ule uzi wa mwanga, hata uwe mwembamba kama unywele, ndio mtetemo wako. Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo. Nunua nyingine, spindeli ndiyo moja ya vipuri vya bei nafuu kwenye mashine hii, na weka mbili za akiba.

4. Rudisha spindeli na vishikio, na hapa nenda taratibu. Ndani ya kila kishikio mna beringi za kawaida na moja ya msukumo, ile inayobeba mvuto wa panga. Beringi ya msukumo ina pete mbili zinazofanana kwa nje, lakini matundu yake hayalingani. Pete yenye tundu kubwa inakaa upande wa ndani, kuelekea katikati ya kichwa. Yenye tundu dogo inakaa nje, upande wa skrubu. Nimekuta zimegeuzwa kwenye helikopta mpya kabisa. Kati ya pete hizo weka grisi kidogo.

Skrubu mbili za mwisho wa spindeli zikaze kwa bisibisi mbili kwa pamoja, moja kila upande, na gundi zote mbili. Kisha fanya jaribio hili: vuta vishikio kwa nje, kila kimoja na mkono wake, huku ukivigeuza. Vikigeuka laini chini ya mvuto, vizuri. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, fungua uangalie pete zako tena.

5. Pima umbali wa gia kwa karatasi. Kata ukanda wa karatasi, upitishe kati ya gia ndogo ya mota na gia kuu, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Inatakiwa itoke na mikunjo ya meno bila kuchanika. Ikichanika, umebana mno. Baada ya hapo zungusha gia kuu duara zima ukiitingisha kidogo kila penye robo. Gia za plastiki mara nyingi si duara kamili, kwa hiyo pima penye sehemu iliyobana zaidi. Na usipake grisi kwenye gia hii. Vumbi letu likikutana na grisi linageuka msasa.

Hapo hapo angalia skrubu ndogo inayoshika gia kwenye mhimili wa mota. Lazima ikae juu ya bapa la mhimili, si juu ya mviringo, na iwe na gundi.

6. Jaribu beringi ya upande mmoja, ile inayoacha rota izunguke huru upande mmoja tu. Shika gia kuu isigeuke, zungusha kichwa cha rota kama saa inavyokwenda ukiangalia kutoka juu. Kinapaswa kuzunguka huru. Kigeuze kinyume: kinapaswa kuvuta gia na mota. Kikiteleza pande zote mbili, beringi imekwisha au imejaa mafuta kupita kiasi.

7. Inua shafti kuu kwa vidole. Isicheze juu na chini hata kidogo, na bado izunguke kwa wepesi. Ikicheza, legeza pete inayoizuia, isukume mpaka iguse beringi, kaza.

8. Nenda kwenye mkia. Kama ni wa mkanda, zungusha rota kuu kwa mkono kama saa inavyokwenda, uangalie rota ya mkia inaelekea wapi, ulinganishe na mshale kwenye kijitabu. Mkanda ukipindishwa upande usio wake wakati wa kufunga, mkia utazunguka kinyume na helikopta haitashikika. Mkazo wake uwe wa wastani: ukiubonyeza kupitia tundu la fremu, usogee kidogo na kurudi, usilegee mpaka pande mbili zikagusana kirahisi.

Kisha chomoa ufito wa sevo ya mkia na usogeze kwa kidole kile kitelezi cha mkia, kinachobadilisha pembe ya mapanga ya mkia, toka mwisho huu mpaka ule. Kiteleze chenyewe bila kukwama popote. Rota ya mkia inazunguka zaidi ya mara nne ya rota kuu, yaani zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kwa hiyo kukwama kidogo unakokuhisi mkononi kutaonekana hewani kama mkia unaotikisika. Skrubu za mkono wa kitelezi zikiwa zimekazwa mno, zirudishe nyuma robo mzunguko.

9. Jaribu kila kiungo kwenye gololi yake. Fito zote zina viungo vya plastiki vinavyobanwa kwenye gololi za chuma. Ufito ukiuchomoa upande mmoja na kuuachia, uning'inie na kuanguka wenyewe. Ukibaki umesimama, kiungo kimebana: kikiwa juu ya gololi, kiminye kidogo kwa plaizi, jaribu tena, rudia. Usikimbilie kukwangua kwa kisu. Ukiuona ufito unacheza kwenye gololi, badilisha kiungo. Viungo vingi vina herufi upande mmoja; upande huo hutazama nje.

10. Weka sevo na swashipleti sawa. Swashipleti ni zile sahani mbili zilizoshikana kwa beringi chini ya kichwa, moja inazunguka na nyingine haizunguki. Washa rimoti, unganisha betri, weka kijiti cha kupaa katikati kabisa. Mikono ya sevo zote tatu isimame nyuzi 90 dhidi ya fito zake. Mkono ukikataa, utoe na ujaribu jino jingine kabla ya kugusa namba. Kisha pima urefu wa fito tatu zilingane, swashipleti ikae sambamba, na pembe ya mapanga isome sifuri. Kijiti kikifika juu kabisa, pembe ya nyuzi 10 inatosha kabisa kwa anayeanza, na chini vivyo hivyo. Peleka vijiti kwenye kona zote huku ukisikiliza: sevo ikilia kwa kukwama, kuna kitu kinagusana.

11. Hakikisha jairo inasahihisha upande sahihi. Mota bado imechomolewa. Kama jairo yako inasimamia swashipleti pia, inamisha helikopta mbele: swashipleti iiname nyuma. Igeuze pua kushoto kwa haraka: sevo ya mkia isogee vile vile inavyosogea ukiipa amri ya kulia. Ikifanya kinyume, usiruke. Jairo iliyogeuzwa inaiangusha helikopta ndani ya sekunde moja.

12. Sasa rudisha nyaya za mota, mapanga yasiwepo. Peleka helikopta nje, isimamie mbali, ongeza mota polepole mpaka kasi ya wastani, isizidi nusu dakika. Sikiliza na tazama mkia. Ukiona swashipleti inajisogeza yenyewe taratibu, usishtuke. Jairo zinazosimamia swashipleti hufanya hivyo helikopta ikiwa ardhini. Kama inatetemeka hata bila mapanga, tatizo liko kwenye mota, gia au shafti: rudi hatua ya 3 mpaka 7. Ikiwa shwari, zima, chomoa betri, weka mapanga ya mkia, jaribu tena. Ikiwa shwari, ndipo uweke makubwa. Ukifuata mpangilio huu, mtetemo unajitaja wenyewe, kwa sababu unajua kitu cha mwisho ulichoongeza.

13. Mapanga makubwa. Yapime uzito. Kisha lalia kila panga juu ya ukingo wa rula, uweke alama linaposimama sawa. Alama zisipolingana, bandika tepu kwenye ncha au kwenye shina mpaka zilingane. Ndipo lile jepesi uliongezee tepu juu ya alama yake. Ukingo mnene ndio unaotangulia kwenye mzunguko. Boliti za mapanga zikaze kiasi hiki: ukiilaza helikopta ubavu, panga libaki limenyooka kwa uzito wake, lakini ukiitikisa kidogo lishuke.

14. Angalia kama mapanga yanapita njia moja. Bandika selotepu nyekundu kwenye ncha ya panga moja. Simama hatua kumi au zaidi, vaa miwani, iinue kidogo. Ukiona njia mbili badala ya moja, soma rangi ya ile ya juu. Zima, chomoa betri, rekebisha ufito wa panga moja kwa nusu mzunguko. Baadhi ya vichwa vinaongeza pembe ufito ukirefuka, vingine ukifupika. Jaribu kwa mkono uone kabla ya kurudisha.

Bado ina shida?

Inatetemeka na mkia unaonekana ukungu: mtetemo wa haraka, tafuta mkiani. Shafti ya mkia, mapanga ya mkia yasiyolingana uzito, au beringi zake.

Inatingishika mwili mzima, hasa ikianza kuzunguka ardhini: boliti za mapanga hazilingani, au raba zinazoshika spindeli ndani ya kichwa zimechoka. Kwa mpya, mara nyingi ni spindeli.

Mkia unatikisika kushoto na kulia bila kukoma: kitelezi kimekwama, viungo vinacheza, mkanda umelegea. Ukishahakikisha yote matatu, ndipo upunguze ukali wa jairo kwenye rimoti. Si kabla.

Mkia unazunguka moja kwa moja ikiinuka: hatua ya 8 na 11. Angalia pia kama mapanga ya mkia yamewekwa kinyume.

Mota inalia, rota inazunguka kwa uvivu: gia ndogo inateleza kwenye mhimili au beringi ya upande mmoja imekwisha. Weka alama ya kalamu kwenye mhimili na kwenye gia, washa kidogo bila mapanga, zima, chomoa betri, kisha tazama kama alama zimeachana.

Rota inazunguka kwa kasi lakini haipai: mapanga yamewekwa kichwa chini miguu juu, au sifuri yako ya pembe si sifuri.

Inakwaruza kila mzunguko: gia imebana sehemu moja, au waya unagusa. Pitisha kidole kwenye nyaya zote zilizo karibu na gia kuu.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo moja la ziada. Hewa ya chumvi inakula beringi na skrubu hata kama hujaruka. Ukimaliza siku yako, futa shafti kuu na spindeli kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, na ihifadhi helikopta kwenye sanduku linalofungwa. Baada ya kuruka na kumaliza betri tatu za kwanza rudia hatua ya 2 kwa kujaribu kila skrubu bila kuifungua. Ile itakayogeuka ndiyo uliyoisahau.